Italia kwa Gari, Bila Haraka

Akina mama wenzangu, mimi ni muuguzi, na kazi yetu humzoeza mtu orodha: dawa ya saa mbili, sindano ya saa nne, kidonda cha kitanda namba 6. Tabia hiyo niliileta nyumbani, na mwaka 2018 nikaipeleka hadi Italia.

Tunaishi Munich, kusini mwa Ujerumani. Kutoka hapa hadi mpaka wa Italia pale Brenner ni saa mbili na kidogo kwa gari, barabara ikiwa haina msongamano. Basi niliketi mezani nikapanga siku 9: Verona, Venezia, Bologna, Firenze, Siena, Roma, Pisa, halafu kurudi. Baba watoto aliitazama karatasi yangu akasema tu, "Sawa, mama." Dereva ni yeye peke yake, kwa kuwa wakati ule mimi sikuwa na leseni. Nilidhani amekubali. Kumbe alikuwa amechoka hata kubisha.

Siku ya nne tulikuwa kati ya Bologna na Firenze, mahali ambapo barabara kuu inakatiza milima ya Apennini kwa kona na mahandaki. Mchana wa joto, watoto wamelala nyuma. Nikaona gari linasogea taratibu kuelekea ukuta wa handaki, wala usukani hausogei. Nilipiga kelele. Akashtuka, akalirudisha. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari hupita karibu mita 28 kwa kila sekunde moja. Nimewahi kuwapokea watu walioletwa kwetu kwa ajili ya sekunde tatu tu za namna hiyo.

Tulisimama kwenye kituo cha mafuta. Alikunywa maji, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Sikukwambia kwamba nimechoka. Lakini na wewe hukuniuliza." Tuliimaliza safari ile tukiwa tunasemeshana mambo ya lazima tu. Na miezi mingi baadaye, tulipokwisha kusahau, ikaja barua ya faini. Tulikuwa tumeingia eneo la ZTL, yaani katikati ya mji mkongwe ambako magari ya wageni hayaruhusiwi, na kamera ikatupiga picha bila sisi kujua.

Miaka ikapita. Mwaka 2024 binti yetu mkubwa alikuwa na miaka 17, na mwaka uliofuata angeondoka nyumbani kwenda kusoma. Akaniomba, "Mama, twende tena Italia, lakini siyo kama ile." Neno hilo liliniingia.

Safari hii nilianza kwa kuuliza. Kila mmoja ataje jambo moja tu analolitaka. Kijana wetu wa miaka 10 akataka kuogelea. Binti akataka kuendesha baiskeli. Baba watoto akasema anataka siku ambayo hatashika ufunguo wa gari hata mara moja. Zamani ningemcheka. Niliandika.

Kwa hiyo tukachagua vituo viwili tu vya kukaa: wiki moja karibu na Lago di Garda, ziwa kubwa kuliko yote ya Italia, na siku sita kwenye nyumba ya shambani jirani na Lucca. Nyumba hizo huitwa agriturismo. Ni wakulima wanaopokea wageni, na nyingi zina jiko, jambo ambalo mama anapaswa kuliulizia kabla ya kulipa. Mikahawa mingi kule hufunga jiko mchana kama saa nane na nusu, na haifungui tena mpaka saa moja na nusu jioni. Mtoto mwenye njaa ya saa kumi na moja hawezi kuelezwa habari ya desturi za watu. Nilibeba unga na chuma changu cha chapati, na sikuona aibu.

Tulisafiri katika likizo ya Pentekoste, si Agosti, maana wiki ya tarehe 15 Agosti Waitalia wenyewe huwa barabarani. Tukaondoka Jumanne pia, kwa kuwa Jumamosi ya kwanza ya likizo ni kama Munich nzima imehamia Brenner. Sheria yetu ilikuwa saa tatu za usukani kwa siku, tena kwa zamu, kwani nami nilikuwa nimeshapata leseni. Siku ya kwanza tuliishia Bressanone, chini kidogo ya mpaka, ingawa tungeweza kufika ziwani usiku uleule. Nami sikushika zamu ya kazi ya usiku kwa siku mbili kabla ya kuondoka. Hilo nililipigania kazini.

Mambo madogo yanayoleta ugomvi garini niliyashughulikia mapema. Kwenye barabara ya kulipia unachukua tikiti unapoingia na kulipa unapotoka. Usipite mlango wa njano wa Telepass kama huna kifaa chake. Mtoto asiyefikisha sentimita 150 bado anahitaji kiti chake, hata akinuna. Kijana wetu hutapika kwenye kona, kwa hiyo alikula biskuti kavu, hakusoma kitabu, na mifuko ilikuwa karibu. Kuhusu ile faini, tuliamua kuegesha nje ya kuta za kila mji mkongwe na kutembea.

Lucca ina ukuta mzima wa kale unaouzunguka mji, kilomita 4 na kidogo, wenye miti na njia pana juu yake. Watoto walikodi baiskeli wakauzunguka mara tatu. Mnara wa Pisa uko kilomita kama 20 tu kutoka pale. Mkono uliniwasha, nakiri.

Asubuhi ya siku ya nne pale shambani nilimkuta baba watoto amelala kwenye kiti chini ya mti, mdomo wazi, saa nne ya mchana. Ufunguo wa gari ulikuwa mezani, pale alipouacha juzi. Binti akaja kuuliza leo tunakwenda wapi. Nikamwonyesha kidole mdomoni, tukaingia ndani kumenya viazi.