Mbao Zilizotulia

Mtoto wa ndugu yangu anajenga Fumba. Juzi kanionesha kwenye simu sakafu aliyoichagua kwa chumba cha juu. "Ami, hii mbao ya nje, haina kazi, unabandika tu." Ilikuwa plastiki iliyochapwa mistari ya mti. Simlaumu. Kizazi chake kimekulia juu ya vigae.

Mimi nilikulia Malindi, mtaa wa Mji Mkongwe, Zanzibar. Chini tulikuwa na sakafu ya mawe na chokaa, na juu yetu dari ya boriti za mikoko. Boriti haiendi mbali, ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni virefu na vyembamba, upana kama mita tatu. Lakini chumba cha mbele ghorofani kilitandikwa msaji, ule wa zamani uliokuja na majahazi kutoka Bara Hindi. Bibi aliupaka nta akausugua kwa kumbi la nazi. Deki ya ndoo ilikuwa ya chini tu. Juu ni kitambaa kilichokamuliwa barabara.

Msaji ule uliwekwa lini? Nimeuliza wazee, nimepekua hati za nyumba. Wapo wanaosema zama za Sultani Sayyid Barghash, aliyefariki 1888, wapo wanaosema baadaye. Nimeacha. Ninayemkumbuka ni mzee wa mbao karibu na bandari, aliyeletewa kazi pale mvua ilipoozesha mbao za chini ya dirisha.

Ukiingia kwake unapokewa na harufu ya msaji, kama ngozi iliyopakwa mafuta. Mbao alizipanga kivulini kwa tabaka, vijiti vyembamba katikati ili upepo upite. Baba alimwendea na haraka, harusi ya shangazi ilikuwa imekaribia. Mzee akainua ubao usawa wa jicho kutazama kama umejipinda, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akapitisha randa mara moja, akanusa maranda yake. "Bado, Sheikh. Hizi hazijatulia. Zipishe masika kwanza." Shangazi akaolewa huku mkeka umefunika shimo.

Mzee hakunifukuza nikikaa kumtazama. Mvule, alinionesha, ukipasuliwa ni wa manjano, ukikaa mwangani unakuwa wa kahawia. Na ndani huficha jiwe linalong'oa meno ya msumeno. Mninga ukishakauka haujongei sana, kwa hiyo unafaa sakafu. Mkangazi ni mzuri wa macho lakini ni laini kwa miguu. Uache uwe kabati. Na kila mti, chukua kiini. Ule weupe wa pembeni ni chakula cha mchwa. Alipokuja kuweka zetu, aliacha upenyo wa kidole ukutani pande zote, kwa sababu masika mbao hunywa unyevu na kutanuka.

Baadaye karakana ya mzee ikafungwa. Zikaja mbao mbichi za msonobari, kisha vigae, kisha hivi vya kubandika. Mji ukawa urithi wa dunia mwaka 2000, na Desemba 2020 sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib ikaporomoka. Siku hizi ukienda dukani unaulizwa rangi. Rangi! Nimeona sakafu ya unga wa mbao uliobanwa kwa gundi ikivimba pembeni baada ya deki moja, na mwenye nyumba akaambiwa kosa ni la maji.

Nimemwambia kijana achukue msaji wa mashamba ya bara, Longuza au Mtibwa, wenye kibali cha misitu, kuliko mninga asiojua umekatwa pori gani. Akague kila ubao, maana msaji uliovunwa mchanga una weupe mwingi. Azilaze mbao ndani ya chumba chenyewe, kwa vijiti, madirisha wazi, mpaka vuli iishe. Amelalamika kwamba fundi wake hawezi kusubiri. Basi nimemtafutia fundi mwingine.