Tangazo Ambalo Sikulisoma

Miongoni mwa kazi za katibu wa kamati ya msikiti ni kusoma matangazo baada ya swala ya Ijumaa. Watu huyasadiki yasomwayo pale, nami sikuwahi kulitafakari jambo hilo hadi alipokuja hapa Kasulu mfanyabiashara mmoja na makopo ya laisini. Karatasi aliyonikabidhi niisome ilidai kwamba vidonge vile hujenga mwili, huongeza damu na kuponya figo. Akaahidi sehemu ya mapato kwa ajili ya paa la madrasa.

Nakiri kuwa paa lilinishawishi. Lakini neno figo lilinikumbusha baba yangu, aliyeko Kibondo, ambaye kwa maradhi ya figo daktari amempimia hata kiasi cha nyama. Nikampigia simu. "Mwanangu," akasema kwa furaha, "hili ni kopo la pili." Yule bwana alikwishapita huko.

Kesho yake nilisafiri, nikalipeleka kopo kwa mfamasia. Alinieleza kwamba laisini ni asidi amino, mojawapo ya matofali ya protini, tena ni katika zile 9 ambazo mwili wa mtu mzima hauwezi kujitengenezea. Sharti zitoke katika chakula. Mahindi yana uhaba wake, maharage yanayo tele. Kwa hiyo anayekula ugali kwa maharage au dagaa hupata laisini bila kopo. Wapo wanaoimeza kuzuia malengelenge ya midomo, ingawa ushahidi wake ni dhaifu. Ama kuponya figo, haiponyi. Figo ndizo zitoazo taka za protini, hivyo mgonjwa wake asiimeze bila idhini ya daktari.

Akanisimulia pia habari ya triptofani, asidi amino nyingine. Mwaka 1989 huko Marekani watu zaidi ya 1,500 waliugua baada ya kuimeza, na makumi wakafariki. Uchunguzi ukaelekea kwenye bidhaa za kiwanda kimoja cha Japani.

Aibu yangu nyingine ni hii: ganda la kidonge lilikuwa la gelatini, na kopo halikutaja mnyama. Mimi niliyehitimu chuo cha dini nilikuwa nimesoma ahadi ya paa kabla ya kusoma hilo.

Baba alinikabidhi makopo shingo upande, kwani aliuza mbuzi kuyapata. Akauliza, basi ale maharage kwa wingi? Nikamwambia hata hayo tukamuulize daktari kwanza.

Ijumaa iliyofuata nilisoma tangazo la michango ya paa. Bado linavuja.