Tomati ya mbegu haiguswi



Sisi hapa Nyarugusu tunalima nyanya nyuma ya nyumba, au tomati kama tunavyosema kwetu Fizi. Ni zile za zamani, zenye mikunjo na ngozi laini. Mama alivuka ziwa na mbegu zake zimefungwa kwenye pindo la kitenge. Sokoni haziuziki sana, maana zinapasuka upesi. Lakini mchuzi wake, jamani!

Safari hii jua lilikuwa kali, miche minne tu ndiyo ilizaa. Wadogo zetu walitaka tule zote, kwani sufuria ilikuwa na maharage matupu. Mama akakataa: mbili nzuri kabisa haziguswi mpaka zimeiva sana.

Namna yenyewe ni hii. Kamua mbegu pamoja na ute wake kwenye kikombe, ongeza maji kidogo, acha siku 2 au 3 zichache. Osha, zinazozama ndizo nzuri. Anika kwenye sahani kivulini, halafu funga pakavu. Mbegu ya chotara ukiirudisha shambani, watoto hawafanani na mama. Hii ya asili hufanana, kwa sababu ua lake kwa kawaida hujichavusha lenyewe.

Pale tunapofundisha kwa kujitolea, kila mwanafunzi wetu alipata mbegu 5. Kwetu zikifa, kwa jirani zitakuwepo. Na siku ya kuondoka, popote tutakapoelekea, mbegu siyo mzigo.

Basi nanyi, acheni tunda moja.