Zamu ya Kuitikia

Likizo iliyopita mjukuu wangu alikuja Wete na mswada wa filamu fupi aliokuwa akiuandika na wenziwe wa chuo. Kisa chenyewe ni cha mama na mwanawe, usiku, wakichambua karafuu. "Babu, nisahihishie Kiswahili," akaniambia. Nikavaa miwani, nikashika kalamu nyekundu ambayo kustaafu hakukuniachisha.

Nilirekebisha viambishi viwili vitatu, kisha kalamu ikasita. Sarufi ilikuwa safi, lakini watu wale hawakuwa wakizungumza. Mama anasema sentensi sita, anakoma. Mwana anajibu sita, anakoma. Hapana anayedakia, hapana anayesema "enhe", hapana anayemmalizia mwenziwe neno. Nikayakumbuka majamvi ya karafuu ya utotoni mwangu. Mtu akisimulia, huyu huitikia "ehe!", yule hushangaa "lahaula!", wa tatu huuliza "ikawaje?" kabla msemaji hajatua. Huko hakukuwa kukatizana; kulikuwa kumpa msemaji ruhusa aendelee. Hata hadithi haianzi mpaka "Paukwa" iitikiwe "Pakawa".

Mwaka 1974 wataalamu watatu wa Marekani, Sacks, Schegloff na Jefferson, walichapisha makala mashuhuri kuhusu wazungumzaji wanavyopokezana zamu. Walieleza kwamba msikilizaji hangoji kimya ndipo ajue zamu imemfikia. Huku akisikiliza, tayari anakadiria mwenziwe atakomea wapi. Wachambuaji wa karafuu walilijua hilo bila ya kulisoma.

Asili ya kosa la mjukuu wangu naijua, maana nimelifundisha mwenyewe. Miaka yote darasani niliandika ubaoni jina, nukta mbili, sentensi kamili. Mwanafunzi aliyedakia nilimnyamazisha. Nilipenda ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizieneza kwa Ngonjera za UKUTA, na nilipenda namna Kamange na Sarahani, magwiji wetu wa Pemba, walivyojibizana kwa mashairi. Katika malumbano, mshairi humwachia mwenziwe amalize beti zake zote, kisha hutafuta vina vya kumjibu. Huo ni utaratibu mzuri wa ushairi, lakini mazungumzo ya jamvini hayaendi hivyo.

Filamu nayo ina shida yake. Mara nyingi kila uso hupigwa picha peke yake, mwigizaji akimsemesha mtu ambaye pengine hata hayupo mbele yake. Mhariri ndiye anayekuja kugawa zamu baadaye. Tena mwandishi wa riwaya huandika "akanyamaza", neno moja, akapita. Amil Shivji alipoigeuza Vuta N'kuvute ya Adam Shafi kuwa filamu, mwaka 2021, hakuwa na neno hilo la kumsaidia. Katika filamu, mtu akinyamaza, lazima anyamaze kweli, nasi tumtazame.

"Sasa kimya kikae muda gani, babu?" mjukuu wangu akauliza. Sikuwa na jibu la kitabuni. Nikaenda kuitoa kaseti.

Mama yangu hakujua kuandika. Nilipokuwa chuo cha ualimu Unguja, mwanzoni mwa miaka ya 1980, alikuwa akinirikodia barua kwa redio ya kaseti ambayo jirani yetu aliletewa kutoka Maskati. Alikuwa akiuliza, "Hujambo, mwanangu?" kisha ananyamaza. "Wala vizuri huko?" Ananyamaza tena. Ujana ulinidanganya. Nilidhani haielewi mashine, nikawa nabonyeza kitufe cha kupeleka mbele ili nifike penye habari. Wenzangu wa bwenini walicheka, nami nikacheka pamoja nao. Mama alikwishatangulia mbele ya haki, na katika barua zake zote imenibakia hiyo moja.

Sauti ikatoka na mikwaruzo yake: "Hujambo, mwanangu?"

Mjukuu wangu, ambaye hakuwahi kumwona, akaitikia polepole, bila ya kufikiri: "Sijambo."

Papo hapo mama akapokea: "Alhamdulillahi."

Hakuchelewa, wala hakumdakia. Zaidi ya miaka arubaini kabla, mbele ya mashine isiyojibu, alikuwa amepima pumzi ya mtu aliye mbali, akamwachia nafasi inayomtosha. Nafasi ile ilikuwa yangu, na mimi niliiruka.

Mswada umeandikwa upya. Sentensi sita zimekuwa mbili, na "enhe" zimerudi mahali pake. Karibu na mwisho, mwana anapoulizwa jambo asiloweza kulijibu, mjukuu wangu ameacha mstari mtupu, na chini yake ameandika: "Mama anangoja."

Hapo kalamu yangu nyekundu haikugusa.