Korongo, Mwanya na Uhuru

Mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda atamkapo neno "korongo" darasani, macho ya wanafunzi huelekea kwenye bendera. Yule ndege aliyeinua mguu mmoja katikati ya bendera yetu ni korongo, na kila mtoto amemzoea tangu siku zake za kwanza shuleni. Lakini korongo la pili, lile la ngeli ya LI-YA, lililochimbwa na maji katika mwamba kwa muda usiohesabika, wengi hulijua kwa tafsiri tu. Hulikariri, hulijibia mtihani, kisha hulisahau.

Jambo hili limetusumbua kwa muda mrefu sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani. Wanafunzi wetu hudhani kwamba lugha hii ni ya jahazi, mnazi na maji ya chumvi, na kwamba huku bara imekuja kama mgeni asiye na shamba. Kwa hiyo, likizo moja, walimu sita tulikubaliana kwenda kutembea katika korongo la Mto Naili, chini ya Maporomoko ya Murchison, kila mmoja na daftari lake, tuone kama Kiswahili tunachokifundisha chatosha kuitaja nchi yetu wenyewe.

Yafaa kwanza kueleza mahali penyewe. Mto Naili hutoka Ziwa Victoria pale Jinja, hupita Ziwa Kyoga, kisha ufikapo Karuma huelekea magharibi na kuanza kushuka kwa kasi juu ya mawe. Mwishowe hufika ukingoni mwa Bonde la Ufa. Hapo, kabla haujatulia na kwenda zake Ziwa Albert, mto mzima hubanwa katika mwanya wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaporomoka mita 43. Neno "mwanya" twalitumia zaidi kwa ile nafasi iliyo kati ya meno ya mbele. Asimamaye pale juu huona kwamba neno halikupotea njia: mwamba una meno, na mto wote hupita katikati yake.

Tulianzia Paraa kwa mashua, tukaufuata mto kuelekea unakotoka. Huko chini Naili ni mpana na mpole. Viboko wamejaa kando, mamba wamelala mchangani vinywa wazi, na maji hutiririka tu. Baadaye tukaanza kuona vipande vya povu vikielea. Kuta za mawe zikakaribiana, mkondo ukawa mkali, na mvumo ukatufikia kabla ya maporomoko yenyewe kuonekana. Nahodha hakuthubutu kusogea zaidi. Hapo ndipo daftari zilipofunguliwa, kwa maana maji yale yale sasa yalidai vitenzi vingine: yalifoka, yalizunguka, yalichemka pasipo moto, yalirusha manyunyu. Darasani twavipanga vitenzi vya namna hii katika orodha moja, kana kwamba vyaweza kubadilishana nafasi. Korongoni haviwezi. Maji yatiririkayo humkaribisha mtu. Maji yafokayo humrudisha nyuma.

Kijia cha kupanda hadi juu huchukua kama saa moja kwa mtu asiye na haraka. Hupita kati ya vichaka na mawe, mara kikishuka, mara kikipinda, mara kikimlazimisha mtu kushika mizizi kwa mikono. Kila hatua ilituuliza swali la msamiati. Bonde ni pana, na mtu aweza kulilima. Korongo ni jembamba, na kuta zake zasimama wima. Genge ni mmoja wa ukuta huo, utazamwe kutoka juu au kutoka chini. Ukingo ni pale ardhi inapokoma, na mwenye busara hukoma kabla yake. Jabali ni jiwe kubwa lijitengalo. Mwamba ni mwili wa nchi wenyewe. Na huko juu kabisa ardhi humetameta juani kwa vipande vyembamba kama vya kioo. Wenzetu wawili hawakujua viitweje. Jina lake ni ulanga, neno lililokuwa limelala katika kamusi zetu zote, likingoja mtu alikanyage.

Aliyetuongoza alikuwa askari wa wanyamapori, mtu wa makamo, ambaye tulimwita afande kama ilivyo desturi. Kiswahili chake alikipata kazini wala si shuleni. "Waalimu, mutembee pole pole, hapa kunateleza," alituonya. Tulipofika mahali ambapo kijia hufunguka na maporomoko mawili huonekana kwa pamoja, alinyosha mkono akasema, "Hii maji ni moja, lakini imepata njia mbili. Hii ni Murchison. Ile ingine ni Uhuru." Mmoja wetu alifumbua kinywa amsahihishe ngeli; mwenzake akamgusa bega, naye akanyamaza. Sentensi ile ilikuwa na kasoro ya upatanisho, lakini katika maana haikupungukiwa na kitu.

Majina hayo mawili, pamoja na la tatu ambalo afande hakulitaja, yana historia inayostahili kuingia darasani. Jina la Murchison lilitolewa mwaka 1864 na msafiri Mwingereza Samuel Baker, kwa heshima ya Roderick Murchison, rais wa Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London. Bwana huyo hakupata kuyaona maji haya. Katika miaka ya 1970 serikali ya Idi Amin iliyaita maporomoko kwa jina la Kabalega, mfalme wa Bunyoro aliyepigana na Waingereza hadi alipokamatwa mwaka 1899 na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Kabalega alifariki mwaka 1923 akiwa njiani kurudi kwake, naye alifia Jinja, pale pale mto huu unapoanzia. Utawala wa Amin ulipoanguka mwaka 1979, jina la zamani likarejea katika vibao na ramani.

Tuliuliza majina ya magenge na vijito tulivyovipita, tukapata machache mno. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea katika nchi hiyo, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wakazi wake. Baadaye eneo likafanywa hifadhi ya wanyama, na mwaka 1952 likawa mbuga ya taifa. Jina la mahali huishi katika vinywa vya wanaopita hapo kila siku wakienda kuteka maji na kuchunga. Wakiondoka wao, jina hubaki bila wa kuliita.

Lakini Uhuru ni jina la namna nyingine. Mwaka 1962 mvua kubwa ziliujaza mto hata ule mwanya ukashindwa kuyapitisha maji yote. Yaliyozidi yakajifungulia njia ya pili kando yake, yakawa maporomoko mapya. Mwaka huo huo, tarehe 9 Oktoba, Uganda ilipata kujitawala. Watu hawakwenda kutafuta jina London, wala hawakulitafuta katika orodha ya wafalme. Walichukua neno lililokuwa vinywani mwa Afrika Mashariki nzima siku zile, nalo lilikuwa neno la Kiswahili.

Sisi tulio katika miaka ya arubaini tulikua tukisikia habari tofauti kabisa. Mwaka 1973 Kiswahili kilitangazwa kwa amri kuwa lugha ya taifa, lakini katika nyumba nyingi sauti iliyokileta mlangoni ilikuwa ya mtu mwenye bunduki. Mwenzetu mmoja, mkubwa wetu kwa umri, alitusimulia tukiwa tumeketi juu ya mwamba kwamba mama yake alikataza neno lolote la Kiswahili lisitamkwe jikoni mwake, hata salamu. Alipochagua kusomea ualimu wa lugha hii, mama hakusema naye kwa wiki kadhaa. "Laiti ningalimleta hapa," alisema, "nimwonyeshe kwamba neno hili lilifika kwetu kabla ya askari wale." Hakuna aliyejibu. Maji yalivuma kwa ajili yetu sote.

Waama, hilo ndilo tulilolifuata bila kujua. Katiba yetu, kwa marekebisho ya mwaka 2005, ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Hayo ni mema. Hata hivyo, amri ya serikali yaweza kumketisha mtoto darasani, lakini haiwezi kumfanya aipende lugha. Mtoto hupenda lugha aionapo ikiitaja nchi yake na kuijua.

Nalo jina lahitaji kitu cha kukaa juu yake. Mwaka 2019 ilitangazwa habari ya kampuni moja kuomba kuzalisha umeme katika eneo hilo la maporomoko. Wahifadhi, watu wa utalii na wananchi wengi walipinga kwa sauti kubwa. Hatusemi kwamba umeme ni kitu kibaya. Shule zetu nyingi zauhitaji, na huko juu Karuma mto huu tayari umefungwa mitambo. Twasema tu kwamba maji yakipunguzwa pale, njia ya pili ndiyo itakayokauka kwanza, na neno "Uhuru" litabaki limeandikwa kwenye kibao kinachotazama mwamba mkavu.

Kwa walimu wenzetu tunalo pendekezo moja. Si kila shule yaweza kufika Naili, wala si lazima. Walio karibu na Mlima Elgon wanayo Sipi. Ndugu zetu wa Zambia wanayo Kalambo, mpakani mwa Tanzania. Na asiye na maporomoko hakosi kilima au mto. Wapeleke wanafunzi kwa miguu, na kamusi ibaki mfukoni hadi kitu chenyewe kimeonekana. Waulize wazee wa hapo majina ya kila jiwe na kila kivuko kwa lugha yao, wayaandike, kisha waeleze kwa Kiswahili maana yake na sababu ya kuitwa hivyo. Kwa njia hiyo lugha moja haitaifukuza nyingine. Asiye na nauli na aanze na kijito kilicho nyuma ya shule.