Niliuza Ohangla ya Babu

Wasee, leo acha niseme ukweli. Niliuza ngoma ya marehemu babu kwa elfu mbili.

Ilikuwa inaning'inia jikoni kwa dani, hapa Bondo, imejaa masizi. Nikaipiga picha, nikaandika "ngoma ya asili", nikaiweka mtandaoni. Jamaa akatoka Kisumu siku hiyo hiyo. Akaigeuza, akapapasa ngozi kwa kidole, akalipa bila kuteta bei. Hapo tu ningeshtuka.

Dani alipouliza iko wapi, nikamwambia si ni bul tu, tutanunua ingine. Akaniangalia. "Nyathina, kila ohangla ni bul. Lakini si kila bul ni ohangla."

Manze, mimi nilijua ohangla ni muziki. Tony Nyadundo, Prince Indah, kinanda, spika mpaka asubuhi. Kumbe kuna ngoma yenyewe yenye hilo jina! Mwili mrefu kama bomba, upande mmoja umewambwa ngozi ya kenge, wa pili uko wazi. Hiyo ngozi ni nyembamba na ina vipele vidogo vidogo vya magamba. Ndivyo yule jamaa alikuwa anatafuta na kidole. Sauti yake ni kali, inakata. Bul kubwa ya ngozi ya ng'ombe nayo inanguruma, unaisikia tumboni.

Pwani pia wana majina yao: ndogo ni chapuo, nzito ya sauti ni vumi, ile ndefu ni msondo. "Ngoma ya asili" ni jina la watu wa kuuza, kama mimi.

Nikatafuta fundi anitengenezee ingine. Akacheka. Kenge ni mnyamapori, na sheria ya 2013 hairuhusu kumwinda wala kuuza ngozi yake bila kibali. (Ndiyo, hata biashara yangu haikuwa safi. Sikujua.) Akaniundia moja ya ngozi ya mbuzi.

Nikampelekea dani. Akaigonga mara mbili kwa vidole, akasikiliza, kisha akaitundika kwenye ule msumari wa zamani.

"Ni bul nzuri," akasema.

Jamaa wa Kisumu, kama unasoma hii, niko na ile elfu mbili yako. Hata tatu niko nazo.