Mwili Huu Unakataa Nini?



Katika vijiji vyetu vya Wamaza, ugonjwa unaokuja polepole hutafutiwa dawa. Ugonjwa unaokuja ghafla hutafutiwa mtu. Homa twaijua, na kuhara twakujua. Lakini mtoto aliyeketi kula akiwa mzima, kisha midomo ikamvimba na pumzi ikambana kabla sahani haijaoshwa, juu yake huulizwa neno moja tu: alikula kwa nani? Swali hilo ni fupi, nalo limewatenga majirani wengi. Leo twapenda kutafakari pamoja nanyi swali jingine, ambalo vipimo vya hospitali hutufundisha kuliuliza: mwili huu unakataa nini?

Kiswahili kilikuwa na neno la jambo hili kabla ya maabara. Wazee waliita mzio kile chakula ambacho mtu fulani amejikataza, ama kwa desturi, ama kwa sababu kinamdhuru. Mwenye mzio wa samaki hakusema kwamba samaki ni sumu, wala hakumshitaki mvuvi. Alisema tu: mimi sili. Waganga wa siku hizi wamelitwaa neno hilohilo kutaja kile ambacho wengi hukiita aleji.

Lakini wazee wa Afrika ya Kati walikuwa pia na kipimo cha namna nyingine, nacho ni mwavi. Mtu akishitakiwa kwa uchawi au kwa sumu, alinyweshwa maji ya gome lenye sumu. Akitapika, alihesabiwa hana hatia. Asipotapika, alikufa, na kifo chake kikawa ndio ushahidi. Kipimo hicho kilimpima jirani, wala si mgonjwa. Roho ya mwavi ingali inakaa nasi kila tunapomhukumu mtu kwa kuwa chakula kilitoka jikoni mwake.

Jina la aleji lilitungwa mwaka 1906 na daktari wa watoto wa Vienna, Clemens von Pirquet, ambaye alisoma teolojia huko Innsbruck na falsafa huko Leuven, nchini Ubelgiji, kabla ya kuingia katika udaktari. Yeye na mwenzake Béla Schick waliwachunguza watoto waliodungwa seramu iliyotoka katika damu ya farasi, iliyokuwa dawa ya siku zile. Waliona kwamba mtoto aliyedungwa mara ya pili aliweza kuugua upesi na kwa nguvu kuliko mara ya kwanza. Dawa haikubadilika, wala mkono wa daktari haukuwa na ubaya. Kilichobadilika ni mwili wenyewe, uliokwisha kukutana na kitu kile na kukiweka katika kumbukumbu yake. Mwaka 1907 daktari huyohuyo alionyesha jinsi ya kukwaruza ngozi na kuitia tuberkulini, ili kumtambua mtoto aliyeambukizwa kifua kikuu. Ngozi iliulizwa, nayo ikajibu.

Kipimo cha mzio cha leo hufuata njia hiyo. Juu ya ngozi ya mkono huwekwa matone madogo: moja la karanga, moja la samaki, moja la yai, kadiri mgonjwa anavyoshukiwa kudhurika. Huongezwa matone mawili ya ushahidi: la maji ya chumvi, ambalo halipasi kuleta kitu, na la histamini, ambalo lapasa kuleta uvimbe kwa kila mtu. Kila tone huchomwa kidogo kwa ncha nyembamba, bila kutoa damu. Baada ya robo saa hivi, uvimbe hupimwa kwa rula. Ukizidi ule wa maji ya chumvi kwa milimita 3 au zaidi, ni dalili kwamba mwili unakijua kitu kile na umejiandaa kupigana nacho. Tazameni haki iliyomo: kipimo chenyewe hupimwa kwanza, kwa mashahidi wawili, ndipo neno lake lisikilizwe.

Hata hivyo neno hilo si hukumu ya mwisho. Kuna pia kipimo cha damu, kinachotafuta askari wa mwili waitwao IgE, nacho chaweza kupotosha katika nchi zenye minyoo mingi kama yetu. Nchini Ghana watafiti walikuta askari wa karanga katika damu ya watoto wengi wa shule, ambao karanga haikuwadhuru kamwe. Ilionekana kwamba minyoo ya kichocho ndiyo iliyouchochea mwili. Kwa hiyo daktari mwenye hekima huanza na masimulizi ya mgonjwa, na kipimo hufuata.

Hapo ndipo sisi tusio na maabara tunapopata sehemu yetu. Katika kijiji kimoja cha kwetu, mtoto wa kike alikula sombe ya karanga kwa mama mjane, jirani yao. Kitambo kidogo, mwili ukamtoka mabaka na uso ukavimba. Alikimbizwa kituo cha afya, akachomwa sindano ya adrenalini, akapona. Lakini jioni ileile jina la mjane lilikuwa limekwisha kuharibika, na siku ya pili yake alikuwa akifunga mizigo arudi kwa kaka zake. Shirika letu lilikaa na nyumba zote mbili, tukamwomba muuguzi aje. Hakuja na matone wala rula. Alikuja na maswali. Nani wengine walikula chungu kile? Watoto wanne, na wote wazima. Ilipita muda gani? Dakika chache. Je, ilipata kutokea zamani? Mama wa mtoto akanyamaza, kisha akasema: alipoachishwa ziwa, tulimpa uji wa karanga, akatapika na kuvimba macho. Wakati ule hapakuwa na mjane.

Mjane alifungua mizigo yake. Mtoto haguswi na karanga hadi leo. Lakini twasema kweli: wako wasiokubali bado kula kwa mama yule. Neno baya huingia kwa dakika moja, na kutoka kwake ni kazi ya miaka.

Ndugu, amri ya nane hutukataza kumshuhudia jirani uongo, na dhana isiyopimwa yaweza kuwa uongo hata kama aliyeisema aliiamini. Mtoto akivimba ghafla au akibanwa pumzi, awahishwe kwanza kituo cha afya, maana mzio mkali waweza kuua. Asirudishiwe chakula kile nyumbani kwa kujaribu. Jaribio hilo ni la daktari, penye dawa. Kisha maswali ya muuguzi yaulizwe, moja baada ya jingine, kabla jina la mtu halijatajwa barazani. Nasi wa shirika tuwe wa kwanza kwenda kula kwa mjane.